Filamu za karibuni kwa sikio la mtazamaji wa Dodoma

Katika filamu zilizotoka tangu mwisho wa mwaka 2024, iliyonigusa kuliko zote ni Sinners ya mwongozaji Ryan Coogler, na kilichonigusa kwanza ni sauti yake. Watu wengi huipima filamu kwa picha, kwa hadithi na kwa umaarufu wa waigizaji, na mimi pia navipima vitu hivyo. Lakini kadiri ninavyozidi kutazama filamu za nje na za kwetu, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mwongozaji aliyeijali sauti ndiye aliyeijali kazi yake yote. Maoni haya nimeyaandika kwa kipimo hicho, kwa ajili ya watazamaji wenzangu wa Dodoma na kanda ya kati, ambao wengi wetu tunatazamia sebuleni, kwenye simu au kwenye kibanda umiza.

Sinners ilitoka Aprili 2025. Hadithi yake inatokea Clarksdale, katika jimbo la Mississippi nchini Marekani, mwaka 1932. Michael B. Jordan anaigiza ndugu wawili mapacha, Smoke na Stack, waliorejea nyumbani kutoka Chicago wakiwa na fedha ambazo hakuna anayethubutu kuuliza zimetoka wapi, wakanunua kiwanda kikuukuu cha kupasua mbao ili wakigeuze ukumbi wa muziki kwa ajili ya watu weusi wanaoshinda mashambani wakichuma pamba. Binamu yao Sammie ni mtoto wa mchungaji. Anapiga gitaa na kuimba bluzi (blues), muziki wa watu weusi wa Marekani, na baba yake anamwonya kwamba muziki huo utamfungulia mlango shetani. Usiku wa ufunguzi mlango unabishwa kweli, na wanaobisha ni wanyonya damu, ambao kwa kawaida yao hawawezi kuingia mpaka wakaribishwe.

Niliifuata filamu hii Dar es Salaam. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma, Julai 2024, mpenzi wa filamu wa huku hana tena sababu ya kusubiri hadi nakala yenye ukungu imfikie kwenye flashi, na kwa filamu ambayo Autumn Durald Arkapaw aliipiga kwa mkanda mpana, akiwa mwanamke wa kwanza kupiga filamu ndefu kwa kamera za mkanda za IMAX, mfumo wa picha za skrini kubwa, nauli ile haikuniuma hata kidogo. Ukumbi nilioingia ulikuwa msafi na viti vilikuwa vizuri, isipokuwa spika ya upande wa kushoto ilikuwa inakoroma kila besi ilipopanda. Nilimweleza mhudumu, akasikiliza kwa adabu, na filamu ikaendelea vilevile hadi mwisho. Kwa filamu nyingine ningenyamaza. Kwa hii, ambayo muziki ndio roho yake, kasoro ile ilikuwa kubwa, na mwenye ukumbi anayetoza kiingilio kamili anapaswa kuzikagua spika zake kabla ya kufungua mlango.

Kuna mahali pawili katika filamu hii ambapo ningependa kila kijana wetu anayesomea utayarishaji wa filamu apatazame zaidi ya mara moja. Pa kwanza ni ndani ya gari. Delta Slim, mpiga piano mlevi aliyeigizwa na Delroy Lindo, anasimulia jinsi rafiki yake mwanamuziki alivyouawa na umati wa Wazungu. Coogler hakutuonyesha mauaji hayo. Kamera imebaki kwenye uso wa mzee, lakini chini ya maneno yake tunaanza kusikia umati, vurugu na kilio, kana kwamba tukio linafanyika nje ya dirisha la gari, halafu mzee anapofika mahali ambapo maneno yamemwishia, anaanza kuguna, mguno unageuka wimbo, na mkono wake unapiga mdundo. Kwa dakika chache tu, mtazamaji ameelewa bluzi imetoka wapi, bila ya mhusika yeyote kusimama na kumhutubia.

Pa pili ni ukumbini usiku, Sammie anapoimba. Miles Caton, ambaye hii ndiyo filamu yake ya kwanza, ana sauti nzito inayomzidi umri, na wimbo wake unapokolea, wanatokea katikati ya wachezaji watu wa nyakati nyingine: wacheza ngoma wa Afrika Magharibi, mpiga gitaa la umeme, di-jei na sahani zake, hata mchezaji wa maigizo ya Kichina, kwa sababu miongoni mwa waliomo ukumbini wamo wenye duka ambao asili yao ni China. Mtunzi wa muziki, Ludwig Göransson, hakuzibandika sauti hizo moja juu ya nyingine ili zishindane. Ngoma inaingia chini ya gitaa, besi ya kisasa inaingia chini ya ngoma, na wimbo wa Sammie unabaki juu ya vyote, unasikika neno kwa neno. Göransson alilitumia gitaa la Dobro Cyclops la mwaka uleule wa 1932, lenye sahani ya bati ndani inayokuza sauti, na ukisikiliza kwa makini unasikia bati lake likivuma kila uzi unapoguswa.

Kwa mtu aliyekulia Ugogo, mahali hapo pana uzito wa pekee. Sisi tuna zeze na ilimba, ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, tuna muheme unaopigwa na akina mama huku ngoma zimebanwa mapajani, tuna uimbaji wa sauti nyingi ambao marehemu Hukwe Zawose aliufikisha kwenye majukwaa ya dunia, na tuna tamasha la muziki wa Kigogo pale Chamwino, ambako vikundi vya vijijini huimba mbele ya wajukuu wao wenyewe. Nilipotazama tukio lile nilijiuliza ni lini mwongozaji wa Kitanzania ataiweka muheme katikati ya filamu, si kama pambo la kumkaribisha mgeni rasmi, bali kama kitu kinachoisukuma hadithi mbele. Muziki upo, wapigaji wapo, na tena wako hai. Kinachokosekana ni mtu wa kuwafuata akiwa na kinasa sauti kizuri na hadithi inayowahitaji.

Sinners haikukosa kasoro. Mapigano ya mwisho yamejazwa haraka haraka, baadhi ya wahusika tuliowapenda wanaondoka kabla hatujapata nafasi ya kuwalilia, na giza la baadhi ya picha litawasumbua watakaoitazamia kwenye simu. Ina damu nyingi na mambo ya chumbani, kwa hiyo si ya kutazama na watoto. Hata hivyo Jordan amewatenganisha mapacha kwa namna ya kusimama na kuvuta pumzi, si kwa kofia ya buluu na kofia nyekundu tu, na Wunmi Mosaku, katika nafasi ya mganga Annie, ana utulivu ambao ndio unaoishikilia nusu ya pili ya filamu.

Jambo moja nawaomba wenzangu: msiitazame filamu hii kwa nakala iliyotafsiriwa kwa sauti. Nimekulia kwenye vibanda ambako sauti za akina Lufufu, watafsiri wanaosimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti yake, zilitufundisha kufuatilia hadithi tusizozijua lugha zake, na heshima yangu kwa kazi hiyo haijapungua. Bila wao, wazee wengi wa mitaa ya Chang'ombe na Majengo wasingepata kujua filamu za Asia na Marekani zinahusu nini. Lakini tafsiri ya aina ile hufunika kila kitu kwa sauti ya mtu mmoja, na mguno wa Delta Slim ukifunikwa, filamu yenyewe imeondoka. Afadhali kuwa na maandishi ya tafsiri chini ya picha, hata kama yatakupita kidogo.

Mufasa: The Lion King, iliyotoka Desemba 2024, niliitazama na watoto wa ndugu zangu, na nitaizungumzia kwa ufupi kwa sababu haikuacha mengi ya kuzungumzia. Mwongozaji wake ni Barry Jenkins, mtu ambaye kazi zake za awali zinajua kukaa kimya, na dalili ya mkono wake inaonekana katika namna kamera inavyowasogelea simba wale wawili, Mufasa na ndugu yake wa kulelewa, Taka. Mandhari yanapendeza, maji na theluji vimetengenezwa kwa ustadi, na watoto walifurahi. Ila nyimbo za Lin-Manuel Miranda hazikai kichwani. The Lion King ya mwaka 1994 ilianza kwa mwito wa Kizulu ambao hadi leo mtoto wa Dodoma anaweza kuuiga bila kujua maana yake. Ya sasa hivi tulipotoka, hakuna mtoto aliyekuwa akiimba. Nyuso za wanyama zinazofanana mno na za wanyama wa kweli pia zinainyima filamu hisia, kwa kuwa simba wa kweli hana uso wa kuimba.

Kwa upande wa filamu za nyumbani, nimeirudia Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji. Si mpya kabisa, maana ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, lakini kwetu filamu hukawia kufika, na wengi bado hawajaiona. Wanaokumbuka masomo ya kidato cha tano na cha sita wanaijua riwaya ya Adam Shafi, iliyotolewa mwaka 1999: Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin aliyeozwa kwa mwanamume aliyemzidi umri mno, na Denge mpigania uhuru ambaye serikali ya kikoloni inamwinda. Ikhlas Gafur Vora na Gudrun Columbus Mwanyika wamezibeba nafasi hizo kwa kujizuia, jambo ambalo ni adimu kwenye uigizaji wetu, ambako mara nyingi mtu akihuzunika hulia na akikasirika hupiga kelele.

Hapa napo sikio ndilo lililonionyesha thamani ya kazi. Katika filamu nyingi za Bongo tunazotazama, kinanda cha huzuni huanza mhusika anapofungua mlango na hakinyamazi mpaka anapoufunga. Maneno ya anayezungumza karibu na dirisha hayasikiki kwa sababu ya upepo uliopiga maikrofoni. Na chumba kimoja kina sauti tatu tofauti kulingana na mahali kamera ilipowekwa. Vuta N'Kuvute haina udhaifu huo. Kimya kinaachwa kiwe kimya, Kiswahili cha Unguja kinasikika na lafudhi yake bila kuchujwa, na taarab inapoingia inakuwa na sababu ya kuingia, tena Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarab katika maisha yake halisi, yumo miongoni mwa waigizaji. Niliitazama nyumbani usiku, upepo wa Julai ukigonga mabati, na bado sikulazimika kurudisha nyuma ili nisikie nani kasema nini.

Malalamiko yangu ni juu ya hadithi. Dakika takriban 90 hazikutosha kuibeba riwaya ile, na kilichoumia zaidi ni siasa. Aliyeisoma anajua mijadala ya Denge na wenzake, jinsi walivyosambaza magazeti yaliyopigwa marufuku na jinsi urafiki wao ulivyojaribiwa. Asiyeisoma ataondoka akidhani ameona hadithi ya mapenzi yenye polisi ndani yake. Shivji alichagua mapenzi na picha zenye utulivu, na ni haki yake, lakini uchaguzi huo umempunguza Denge.

Binti ya Seko Shamte, ya mwaka 2021, inayofuata maisha ya wanawake wanne wa mjini, nayo imerekodiwa kwa uangalifu, na kwa wanaotaka kuanza na filamu ya Kitanzania isiyowachosha, ndiyo ninayoipendekeza. Sehemu zake nne hazilingani kwa nguvu. Ya kwanza, ya mwanamke anayehangaika na duka na madeni, imeshika maisha kwa ukaribu kuliko zinazofuata.

Ya mwisho ni Nawi, filamu ya Kenya ya mwaka 2024, iliyotokana na hadithi ya Milcah Cherotich iliyoshinda shindano la uandishi, na ambayo Kenya iliipeleka kugombea Oscar. Msichana wa Turkana mwenye umri wa miaka 13 anafaulu mtihani wa shule ya msingi kwa alama za juu, na baba yake anaamua kumwoza kwa mifugo. Nchi ile kame, mbuzi, miti ya miiba na umbali wa shule si vitu vigeni kwa mtu wa Bahi au Chamwino, na suala lenyewe ni lile ambalo Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililitolea uamuzi mwaka 2019, iliposimama upande wa wasichana dhidi ya vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu waolewe kabla ya miaka 18. Waongozaji wake ni wanne, na mshono unaonekana: mwanzo ni mtulivu, katikati matukio yanarundikana, na baadhi ya watu wazima wameandikwa kama wabaya tu, bila ya shida zao kuelezwa. Michelle Lemuya Ikeny, anayemwigiza msichana huyo, ndiye anayeiokoa. Anazungumza kwa sauti ya chini, lugha ya kwao inasikika kwenye kinywa cha mtu anayeiishi, na hasira yake haihitaji muziki wa kuisaidia. Shule za sekondari za mkoa wetu zenye projekta na spika zinazofaa zingeionyesha filamu hii kwa wanafunzi pamoja na wazazi, na ningeomba wazazi ndio wakae viti vya mbele.