Kuuza baiskeli ya mlimani iliyotumika Arusha: programu ya matangazo, dalali na kundi la WhatsApp

Ukitaka kujua thamani ya baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma hapa Arusha, achana na bei yake ya dukani Ulaya. Angalia bei ya Boxer. Karibu kila aliyenipigia kuhusu Giant Trance yangu alifika hapo, mapema au baadaye: "Kaka, milioni mbili na nusu? Si naongeza kidogo navuta pikipiki?" Na hana kosa. Pikipiki inaanza kuingiza hela kesho yake asubuhi. Baiskeli yangu ilikuwa inaingiza vumbi sebuleni.

Yenyewe ni Trance ya 2014, mwaka ambao Giant waliihamishia kwenye magurudumu ya inchi 27.5, gurudumu la nyuma likiweza kupanda na kushuka milimita 140. Niliinunua kwa mfanyakazi wa shirika moja aliyekuwa anarudi kwao Uholanzi, tayari imetumika, na mimi nikaitumia zaidi: Tengeru, kuzunguka Duluti, misitu ya Olmotonyi, Monduli kukikauka. Ilipokuja kuuzwa ilikuwa na mikwaruzo ya kila rika. Bomba la chini upande wa cheni lilikuwa limeng'atwa hadi alumini inang'aa. Fremu haikuwa na ufa, rimu zilikuwa zimenyooka, lakini mtu anayenunua kwa macho angeipita.

Nilianza na programu ya matangazo, ile ambayo kila mtu anaitumia kuuza kuanzia friji hadi kiwanja. Simu zilikuwa nyingi, sikatai. Tatizo ni kwamba swali la kwanza, kabla hata ya salamu, ni "bei ya mwisho?" Ukimtajia, kimya. Kuna aliyeniuliza ni cc ngapi. Kuna aliyetaka kunipa simu yake na laki tatu juu. Na kuna waliotuma ujumbe wa muamala uliotengenezwa, halafu dakika mbili baadaye wanapiga: "Bosi, nimezidisha, nirudishie hiyo laki mbili." Ni ndugu wa wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", wamebadilisha shati tu. Ukiuza kitu cha bei kwa njia hii, ujumbe usikudanganye. Fungua menyu ya simu uangalie salio lako mwenyewe.

Kwa Phoenix, kwa baiskeli ya mtoto, au kwa zile za mtumba zinazoshuka na makontena kutoka Japani, programu hiyo inafaa na ningeitumia tena. Kwa baiskeli ya aina hii ni kupoteza vocha.

Dalali ndiye aliyeniudhi. Nilimpata maeneo ya Kilombero, anasifika kwa kuuza vitu vya wageni wanaoondoka. Makubaliano yalikuwa ya kawaida: mimi nitaje bei yangu, yeye ale cha juu. Nikamwambia milioni mbili na nusu. Akaenda kuitangaza milioni tatu na laki nane, kwa picha alizozichukua mtandaoni za baiskeli mpya ya rangi nyingine kabisa! Watu wawili wakaja, wakaiona ya kwangu, wakageuka na hasira zao. Cha juu si dhambi, kila mtu ana watoto. Lakini ukiweka picha ya bibi harusi ukamleta mama mkwe, hakuna biashara hapo.

Kilichouza ni kundi la WhatsApp la waendesha baiskeli, watu wasiozidi basi moja, kuanzia Moshi hadi Karatu. Maswali yalikuwa machache na yote yalikuwa ya maana. "Shokapu zilifanyiwa sevisi lini?" "Beringi za viungo vya nyuma zinacheza?" "Tuma picha ya chini ya fremu tuone namba." Huyo wa namba nilimpenda. Namba ya fremu ya Giant imegongwa chini kabisa, pale ekseli ya pedeli inapopita, na mtu anayeiomba kabla ya kuuliza bei anaogopa baiskeli ya wizi, kumaanisha ana nia ya kununua.

Swali la sevisi ndilo lililobeba bei yote. Fox, waliotengeneza shokapu zangu zote mbili, wanasema zifunguliwe na kufanyiwa sevisi kamili kila baada ya saa 125 za kuendesha au mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi kwenye mazingira magumu. Huku kwetu ni magumu. Vumbi la Meru na Monduli ni jivu la volkano lililosagika. Likichanganyika na ule utando wa mafuta kwenye mguu wa shokapu linageuka msasa, na kila ukiruka shimo unapiga msasa. Baiskeli nyingi za namna hii zinazouzwa mjini hazijawahi kufunguliwa tangu zitoke kiwandani. Mnunuzi anayejua anakata bei kwa sababu hiyo hiyo, na yuko sahihi, maana akiharibikiwa hana pa kukimbilia. Tairi atapata. Cheni atapata. Sili za shokapu, ile mipira inayozuia mafuta yasivuje na vumbi lisiingie, hazipo kwenye duka la fundi wa barabarani.

Kwa hiyo kabla ya kupiga picha hata moja niliagiza sili za mbele na nyuma kutoka Nairobi, zikaja na basi kupitia Namanga, nikampelekea fundi mmoja anayeshughulika na baiskeli za kampuni za utalii. Alipofungua shokapu ya mbele, mafuta yalitoka ya rangi ya chai ya rangi. Nikapiga picha ya yale mafuta, nikapiga picha ya sili mpya pembeni ya za zamani, nikatunza na risiti. Hizo picha ziliuza kuliko ile ya baiskeli ikiwa imeegeshwa kwenye majani mabichi na Meru nyuma yake, ambayo nilijisumbua nayo asubuhi nzima.

Breki zilikuwa Shimano za mafuta. Hapa niseme kitu, kwa sababu nimeona watu wakiumia: Shimano wanatumia mafuta ya madini, ya kwao. Fundi wa magari jirani yangu, kwa moyo mweupe kabisa, alitaka kunitilia mafuta ya breki ya gari, yale ya DOT. Yale yanaharibu mipira ya ndani, na breki inakufia mteremkoni. Kama huna mafuta sahihi, afadhali uuze na breki laini na uiseme.

Cheni niliipima kwa rula ya shule ya binti yangu, upande wa inchi. Cheni mpya, ukiweka pini moja kwenye sifuri, pini ya ishirini na nne baada yake inakaa sawasawa kwenye inchi 12. Ikipita kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha. Ikipita kwa moja ya nane, na kaseti, yale meno ya gia ya gurudumu la nyuma, imeshakwenda nayo. Yangu ilikuwa imepita kidogo tu, nikaweka mpya. Sikugusa kingine. Nguzo ya kiti, ile inayopanda na kushuka kwa kubonyeza usukanini, ilikuwa inazama polepole ukiikalia muda mrefu. Kuitengeneza kungenila zaidi ya ambavyo ingeniongezea, nikaiandika kwenye tangazo kama ilivyo.

Mnunuzi alikuwa kijana wa Marangu, anaongoza wageni wanaopanda Kilimanjaro kwa baiskeli kupitia njia ya Kilema. Alikuja na basi la asubuhi, mgongoni amebeba pampu yake ya shokapu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, karibu. Chai kwanza au baiskeli kwanza?"

"Baiskeli, kaka. Chai nitakunywa nikishakasirika au nikishafurahi."

Hakuipanda. Aliishika kiti kwa mkono mmoja akanyanyua gurudumu la nyuma sentimita chache, taratibu, akasikiliza. Kama viungo vimechoka unasikia ule mguso mdogo kabla gurudumu halijaachana na ardhi. Akarudia, vidole vya mkono mwingine vimekaa kwenye kiungo cha juu. Halafu akapitisha ukucha kwenye miguu ya shokapu ya mbele, kutoka juu hadi kwenye sili, mguu mmoja baada ya mwingine. Ukucha ukagota mahali pamoja, karibu kabisa na juu.

"Hapa kuna mchubuko."

"Upo kwenye tangazo, picha ya tano."

"Nimeuona. Nilitaka kujua kama unafika kwenye sili." Akabonyeza usukani kwa uzito wake wote. Haukufika. Ndipo akapanda, akazunguka mtaani, akarudi na ile nguzo ya kiti imezama kidogo, akacheka.

Mimi nilianzia milioni mbili na nusu. Yeye akaanzia moja na laki nane. Nguzo ya kiti ilinigharimu laki moja na nusu, beringi za gurudumu la nyuma zilizokuwa zinakwaruza zikanigharimu zaidi kidogo, na tukaishia milioni mbili na laki moja na nusu, na tyubu mbili za akiba na kofia ya zamani juu. Ukiniuliza mimi, ni bei nzuri kwa baiskeli ya umri huo, na ameilipa kwa sababu kwake itarudisha hela. Hakutaja Boxer hata mara moja.

Tuliandikiana hati ya mauziano, karatasi moja tu: namba ya fremu, nakala za vitambulisho vya NIDA, jirani yangu shahidi wa upande wangu na rafiki yake wa upande wake. Malipo yalipita benki, na alisubiri bila kununa mpaka nikaona salio langu. Chai akanywa, vikombe viwili.

Stendi konda alidai elfu kumi na tano ya mzigo kwa sababu baiskeli "ina springi, ni kama pikipiki". Kijana akang'oa gurudumu la mbele, akaiingiza kwenye buti mwenyewe upande wa gia ukiwa juu, akamkabidhi elfu saba. Wiki iliyopita alinitafuta tena: anataka namba ya duka la Nairobi, la zile sili. Ana wenzake watatu wenye shokapu zinazovuja.