Miezi 18 na mashine ya kukuza maandishi: uzoefu wangu

Nina umri wa miaka 74, na kwa mwaka mmoja na nusu sasa nimekuwa nikisomea kwenye mashine ya mezani ya kukuza maandishi, yaani kamera iliyosimamishwa juu ya trei na kuunganishwa na skrini pana, ambayo huonyesha kwa herufi kubwa chochote kinachowekwa chini yake. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye ameambiwa kwamba makula yake imezorota, ameambiwa pia kwamba kubadili miwani hakutamsaidia, na sasa anajiuliza kama kifaa cha namna hii kinastahili fedha zinazotakiwa. Jibu langu ni kwamba kinastahili, ila si kwa sababu alizonitajia muuzaji.

Nianze na macho yenyewe, kwa kuwa mashine hii haiwezi kupimwa bila kujua inamtumikia nani. Makula ni sehemu ndogo, yenye upana wa takribani milimita 5, iliyo katikati ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na ndiyo tunayoitegemea tunaposoma, tunapotunga uzi kwenye sindano na tunapotambua sura ya mtu. Ugonjwa unaoiharibu uzeeni huja kwa namna mbili. Namna kavu hula taratibu, kwa miaka. Namna yenye majimaji hutokea pale mishipa ya damu isiyo ya kawaida inapoota chini ya retina na kuvuja, na hiyo inaweza kuharibu uoni katika muda wa wiki chache tu. Mimi nimepata zote mbili: jicho langu la kulia liko katika hatua ya mwisho ya namna kavu, na la kushoto lilivuja, likaanza kudungwa sindano za kuizuia mishipa hiyo. Kuhusu sindano sina mengi: jicho hutiwa ganzi kwanza, kuchomwa kwenyewe huisha katika sekunde chache, na woga wa kungojea hushinda maumivu. Mama yangu alipopatwa na maradhi haya haya katika miaka ya 1990, sindano hizi hazikuwepo. Ranibizumab, mojawapo ya dawa hizo, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2006, na wakati huo yeye alikuwa ameshaacha kusoma kwa miaka mingi.

Watu hudhani kwamba ninaona giza. Sioni giza. Ninaona ukungu katikati, kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na pembezoni mwake dunia iko wazi kama ilivyokuwa siku zote. Naweza kupita katikati ya viti bila kugusa hata kimoja, kisha nishindwe kumjua aliyeketi kwenye kiti hicho. Katika kusoma, ukungu huo humeza katikati ya neno, na kwa msomaji wa Kiswahili hasara hiyo ina uchungu wake wa pekee, kwa sababu wakati wa kitendo tumeuficha humo humo katikati. Nikiona “ni”, kisha doa, kisha “mbia”, sijui kama mwandishi aliandika nilimwambia, nitamwambia au ningemwambia, na kati ya maneno hayo matatu kuna jambo lililokwisha kufanyika, jambo litakalofanyika na jambo ambalo halikufanyika kabisa. Nilifanya kazi ya uhasibu kwa miaka 31, na kilichonipeleka kwa daktari wa macho si maneno bali tarakimu: 3 na 8 zilikuwa zimeanza kuwa kitu kimoja.

Kabla ya mashine nilitumia vioo vya kukuzia vya mkononi. Bado ninacho kimoja ndani ya mkoba kwa ajili ya kusomea maandishi ya chupa ya dawa, na kwa kazi hiyo sikilaumu. Kwa kurasa nzima, hata hivyo, kinachosha. Kioo chenye nguvu ya dayopta 20 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi) hulazimika kushikwa sentimita 5 tu juu ya karatasi. Kichwa chako mwenyewe kinaziba mwanga, mkono unatetemeka, na sehemu unayoiona haizidi maneno mawili. Nilisoma kwa namna hiyo kwa muda wa miezi minane, shingo ikiuma.

Sasa mashine. Muuzaji alianza na tambo moja: inakuza hadi mara 70. Aliirudia mara kadhaa, nami nikaamini kwamba nguvu hiyo ndiyo ninayoinunua. Sijawahi kuitumia. Skrini yangu ina upana wa sentimita 53 hivi, na maandishi ya kawaida ya kitabu yakikuzwa mara 40 hubaki nafasi ya herufi sita au saba. Chukua kitenzi kama hawajatuandikia: kwanza huja “hawajat”, kisha “uandik”, na mwisho “ia”. Kitenzi chetu humtanguliza mtenda na kuchelewesha tendo lenyewe, kwa hiyo unajua kwamba kuna watu fulani ambao hawajafanya jambo fulani kwetu, na ukiwa unangojea kujua ni jambo gani tayari umeanza kusahau ni watu gani. Nilichoka kiasi cha kutaka kuirudisha mashine. Siku nilipopunguza ukuzaji hadi mara 12, nikaona maneno matatu kwa pamoja, na sentensi ikarudi kuwa sentensi. Herufi hazikuwa kubwa kama nilivyotaka, lakini zilitosha.

Zilitosha kwa sababu kulikuwa na jambo lingine nililojifunza wakati huo huo, ambalo haliuzwi ndani ya boksi. Mtaalamu wa uoni hafifu alinifundisha kutazama pembeni ya kitu ninachotaka kukiona. Alinitaka niwazie uso wa saa, nikodolee macho tarakimu 12 iliyo juu kabisa, kisha 1, kisha 2, na kadhalika, mpaka nipate upande ambao kitu kilicho katikati hujitokeza wazi kuliko pande nyingine. Kwangu mimi ni juu. Nikitazama juu kidogo ya mstari, doa hupanda pamoja na jicho na maneno hubaki chini yake, yakisomwa na sehemu ya retina iliyo nzima. Jicho hupinga mafunzo haya, kwa kuwa tangu utotoni limezoea kukielekea kile linachokitaka. Nilifanya zoezi dakika 10 kwa wakati mmoja, mara nne kwa siku, na ilinichukua karibu miezi miwili kabla jicho halijaacha kurudi katikati. Mjukuu wangu wa miaka sita aliniuliza, “Bibi, mbona unaniangalia nywele?” Nikamjibu kwamba nikimwangalia usoni simwoni. Alifikiri kidogo, kisha akainama ili uso wake uwe chini zaidi, na tangu siku hiyo huja kusimama mbele yangu hivyo.

Sehemu ya mashine ninayoisifu zaidi ni trei, ambayo muuzaji hata hakuitaja. Husogea kushoto na kulia kwa reli, na ina breki ya kuizuia isipande wala kushuka ovyo, kwa hiyo mstari haukutoroki. Kinachowapoteza wengi ni kurudi kwenye mstari unaofuata. Usikate kona: rudi kwa mstari ule ule uliokwisha kuusoma hadi mwanzo wake, ndipo ushuke. Kitufe cha kugeuza rangi nacho kina thamani kubwa, kwa sababu karatasi nyeupe iliyokuzwa hutoa mng'ao unaoumiza, ilhali herufi za manjano juu ya weusi hunipa nusu saa ya kusoma bila machozi. Gazeti, ambalo wino wake ni wa kijivu juu ya kijivu, limefaidika na kitufe hicho kuliko na ukuzaji wenyewe.

Kasoro zipo. Kitufe cha kusoma kwa sauti hakijui Kiswahili. Hutamka maneno yetu kwa ulimi wa Kiingereza, na neno ng'ambo sikulitambua hadi nilipolitazama mwenyewe. Karatasi inayong'aa huakisi taa ya kamera. Nikiweka sahihi, picha ya mkono huchelewa kidogo nyuma ya mkono wenyewe, na kamera nayo huhangaika kuamua ilenge kalamu au karatasi, hivyo sahihi yangu ya sasa haifanani na ile ya zamani. Muuzaji alitaka pia kunifungashia vidonge vya luteini na zinki. Vidonge vya aina hiyo vina utafiti nyuma yake kwa watu walio katika hatua ya kati ya ugonjwa, katika kupunguza hatari ya kufika hatua ya mwisho, lakini havirudishi uoni uliokwisha kupotea, na hilo alipaswa kulisema.

Kosa moja nililisingizia mashine. Jioni moja ukurasa mzima ulifunikwa na nakshi, vijitofali vya rangi ya samawati vilivyopangwa kwa ustadi, nami nikampigia fundi. Nilipozima skrini, nakshi zikahamia ukutani. Daktari alinieleza kwamba ubongo unaokosa picha kutoka kwenye jicho wakati mwingine hujitengenezea picha zake, na kwamba hali hiyo imepewa jina la Charles Bonnet, mwanazuoni wa Uswisi aliyeyaandika mwaka 1760 yale ambayo babu yake mzaa mama alikuwa akiyaona. Nilifarijika sana kuambiwa kwamba si akili iliyoharibika. Nikipeleka macho kulia na kushoto mara chache, vijitofali huondoka.

Onyo kubwa zaidi nililo nalo ni kwamba mashine hii hurahisisha kusoma kiasi cha kuficha ugonjwa unaoendelea. Kwenye mlango wa kabati nimebandika gridi ya Amsler, mraba wa sentimita 10 wenye mistari iliyokatizana na nukta katikati, nami huitazama kwa umbali wa sentimita 30, nikiwa nimevaa miwani ya kusomea, jicho moja moja. Mwezi wa saba tangu ninunue mashine, nilisoma jioni nzima bila kuhisi tofauti yoyote, na asubuhi yake mistari ya gridi ilikuwa imepinda kama waya wa uzio uliolaliwa na tawi. Majimaji yalikuwa yamerudi katika jicho la kushoto. Vipindi kati ya sindano, vilivyokuwa vimerefushwa, vikafupishwa tena, na mistari ikanyooka kwa kiasi kikubwa.

Anayekwenda kununua aende na barua au kitabu chake mwenyewe, wala asikubali kile kipeperushi chenye herufi nono cha dukani. Aketi na mashine kwa nusu saa, ajaribu breki ya trei, na aanze na ukuzaji mdogo kabisa anaoweza kuusoma. Yangu nimeiweka mahali ambapo mwanga wa dirisha haupigi skrini. Nasoma kurasa sita kwa siku, ambazo zamani zisingenichukua hata robo saa, na kila asubuhi naifuta trei kabla ya kuweka kitu chochote, kwa sababu punje ya vumbi ikikuzwa mara 12 huwa nukta, na mhasibu hawezi kuivumilia nukta isiyo mahali pake.