Propani ya kuletewa nyumbani Quebec: moto nyota tano, njia nyota mbili

Ukinunua nyumba nje ya Montreal, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, kule ambako bomba la gesi la mjini halifiki, usishangae kukuta tangi jeupe uani limeegemea ukuta wa nyuma. Dalali atalisifia, na hatakuwa amekudanganya. Asilolitaja ni reli inayoleta gesi yake. Tunapima hapa huduma nzima: gesi, tangi, boza linalokuja kujaza, na safari ya gesi hiyo kabla haijafika kwa boza.

Gesi yenyewe haina kasoro. Aliyezoea mtungi wa kilo 13 wa Nairobi au wa kilo 15 wa Dar anaijua nusu tu. Mitungi ya kwetu hujazwa mchanganyiko wa propani na butani, na kwa joto letu mchanganyiko huo haumsumbui mtu. Lakini butani huacha kutoa mvuke joto likikaribia sifuri. Katika Januari ya Quebec ingelala chupani kama maji. Propani huchemka hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, ndiyo maana huku wanauza propani karibu tupu. Lita moja ina nguvu ya megajuli 25 hivi, sawa na uniti 7 za umeme.

Tanuri la kupashia nyumba joto lenye kibao cha BTU 60,000 (kipimo cha joto linalotoa kwa saa) likiwaka bila kupumzika hula lita 2.5 kwa saa. Siku ya baridi kali, likiwaka nusu ya saa za siku, hizo ni lita 30. Mtungi mrefu wa ratili 420, ambao nyumba nyingi ndogo huwekewa, hubeba kama lita 370. Piga hesabu: siku 12. Ndiyo maana fundi mzuri huweka miwili iliyounganishwa, na anayeweka mmoja kwenye nyumba ya vyumba vitatu anakuandalia simu za usiku.

Na simu hizo huja hata kabla gesi haijaisha. Mvuke hutokana na kimiminika kinachochota joto kupitia ukuta wa mtungi uliolowa. Kimiminika kikipungua, sehemu iliyolowa nayo hupungua, na kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri mtungi uliobaki na asilimia 20 hauwezi kulisha tanuri kubwa. Tanuri linawaka, linazima, linawaka tena. Mwenye nyumba anamwita fundi wa tanuri, fundi anabadilisha kihisio cha moto kisicho na ubaya wowote, kisha bili inakuja. Angalia geji kwanza. Halafu angalia regyuleta: tundu lake la kupumulia linatakiwa kuelekea chini na kuwa na kofia, maana theluji ikiyeyuka mchana na kuganda usiku huliziba, na shinikizo huvurugika.

Jingine ni uzito wake. Propani ni nzito kuliko hewa, kama mara moja na nusu. Ikivuja haipandi dirishani, inashuka kwenye chumba cha chini ya nyumba na kutulia humo. Ukinusa ile harufu ya kabichi bovu, usiguse swichi hata ya kuzima taa. Toka na watu wote, funga vali ya tangi, piga simu ukiwa mbali.

Sababu ya watu wa vijijini kuipenda ni umeme kukatika. Dhoruba ya barafu ya Januari 1998 iliangusha minara ya umeme na kuwaacha mamilioni gizani, wengine kwa wiki kadhaa. Jiko la propani liliendelea kupika. Ila tanuri lenye feni linahitaji umeme kusukuma hewa. Umeme ukikatika nalo limekatika. Hita ndogo ya ukutani isiyo na feni ndiyo inayofanya kazi bila waya wowote, na katika vifaa vyote vya propani hiyo ndiyo tungeipa nyota tano bila kufikiri.

Kwenye mkataba ndipo alama zinapoanza kushuka. Tangi kwa kawaida si lako, umelikodi, na anayeruhusiwa kulijaza ni mwenye tangi peke yake. Jirani yako anahudumiwa na kampuni nyingine, boza lake linapita mlangoni kwako limejaa, na haligusi tangi lako. Kisha kuna aina mbili za kuletewa. Ya kwanza ni ya ratiba: kampuni inahesabu baridi ya kila siku, inakisia umetumia kiasi gani, inakuja yenyewe. Ya pili ni ya kupiga simu mwenyewe gesi inapopungua. Gesi ikiadimika, wa kupiga simu hukaa mwisho wa foleni.

Na iliwahi kuadimika kwelikweli. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Novemba 2019, makondakta na wafanyakazi wa yadi wa shirika la reli la CN, kama 3,200, waligoma. Chama chao, Teamsters, kililalamikia uchovu, saa ndefu, na kuendesha vichwa vya treni kwa rimoti huku mtu akiwa nje kwenye baridi. Mgomo ulidumu siku nane. Siku chache tu zilitosha Quebec kuhesabu lita.

Hesabu zenyewe zilitolewa hadharani na kiongozi wa serikali ya jimbo, François Legault. Jimbo lilikuwa likitumia lita milioni 6 kwa siku, akiba ilikuwa milioni 12, na kwa mgawo matumizi yakabanwa hadi milioni 2.5. Gawanya mwenyewe: bila mgawo ni siku mbili, kwa mgawo hazifiki tano. Hospitali na nyumba za wazee zilitangulizwa. Wakulima wa mahindi wakaambiwa wasubiri.

Ubaya ni kwamba vuli ile ilikuwa na mvua na mavuno yalichelewa, na mahindi mabichi hayasubiri. Kanuni ya kukadiria wanayotumia wakulima inatoa kama lita 3 za propani kwa tani moja kwa kila asilimia moja ya unyevu unayoondoa. Mahindi yakitoka shambani na unyevu wa asilimia 28 na unataka 15, hizo ni lita 39 kwa tani. Shamba la tani 500 linahitaji lita 19,500 kwa msimu mmoja. Yakikaa ghalani mabichi yanapata moto na kuota ukungu. Kuyaacha yamesimama shambani nako ni kuyaachia theluji iyalaze. Ikumbukwe kuwa mabanda ya kuku yanapashwa joto kwa gesi hiyohiyo.

Kwa nini malori hayakuokoa hali? Behewa moja la propani hubeba lita laki moja na kitu. Lori kubwa hubeba 45,000 au zaidi kidogo. Lita milioni 6 ni mabehewa 50 na ushee, au malori yapata 130, kila siku. Kutoka Sarnia, Ontario, ambako kuna kinu kikubwa cha kutenganisha gesi hizi, hadi Montreal ni zaidi ya kilomita 800 kwenda tu, na dereva kwa sheria hapiti saa 13 za usukani kwa siku. Kwa hiyo kila lori linapotea siku mbili, na hayo 130 yanakuwa 260, yenye tangi la shinikizo na dereva mwenye cheti cha mizigo hatari. Kutoka Edmonton, Alberta, ni kilomita zaidi ya 3,500. Huko hata hesabu haina maana.

Hapo ndipo Alberta, jimbo la magharibi lenye mafuta na gesi, ilipoingia, na maneno yakawa makali. Kule kuna msemo wa tangu enzi za ugomvi wa sera ya nishati ya serikali ya shirikisho ya mwaka 1980, uliobandikwa nyuma ya magari, kwamba watu wa mashariki waachwe wagande gizani. Novemba 2019 msemo huo ulipata joto jipya. Uchaguzi mkuu wa Oktoba ulikuwa umetoka kuacha kinyongo, na mazungumzo ya kujitenga yalikuwa yakivuma. Mwaka mmoja nyuma Legault alisema mradi wa bomba la Energy East, la kupeleka mafuta ya Alberta mashariki kupitia Quebec, haukubaliki kwa watu wake: kilomita 4,500, mapipa milioni 1.1 ya mafuta ghafi kwa siku, ulioachwa na wenyewe Oktoba 2017. Juu yake kulikuwa na fedha za kusawazisha majimbo, zinazotolewa na serikali ya shirikisho kwa yenye uwezo mdogo wa mapato, ambazo Quebec ilipata dola bilioni 13.1 mwaka wa fedha wa 2019/20 na Alberta haikupata kitu. Ukiwa fundi wa visima umeachishwa kazi Calgary, ni rahisi kuona wanaokataa bomba lako wakililia gesi yako.

Uchungu huo una msingi, lakini ulielekezwa kwenye bomba lisilohusika. Energy East lingebeba mafuta ghafi. Tanuri la nyumba halichomi mafuta ghafi, wala kikaushio cha mahindi. Tena mafuta ghafi ya magharibi yalikuwa tayari yanafika Montreal kwa bomba la Line 9, lililogeuzwa mwelekeo mwaka 2015. Bomba lililostahili kutajwa ni Cochin. Hilo lilikuwa likitoa propani Alberta kwenda mashariki, na mwaka 2014 liligeuzwa lipeleke Alberta kimiminika cha kuzimulia mafuta mazito. Sekta ya mafuta ilipata alichokihitaji mchimbaji, na propani ikahamia zaidi kwenye reli. Hakuna aliyebandika hilo nyuma ya gari.

Na mgomo haukumbagua mtu. Propani ya Alberta inayouzwa Asia hupakiwa kituo cha Ridley Island, Prince Rupert, kilichofunguliwa mwaka huohuo wa 2019, na reli inayofika huko ni ya CN. Kwa hiyo treni ileile iliyokosekana Quebec iliwakosesha soko wenye gesi.

Makubaliano ya awali ya kumaliza mgomo yalipatikana tarehe 26 Novemba. Februari 2020 njia ikafungwa tena mashariki, safari hii kwa vizuizi vya waliowaunga mkono Wet'suwet'en, wenyeji wa asili wa British Columbia waliopinga bomba la gesi katika ardhi yao, na mgawo wa propani ukarudi. Tarehe 22 Agosti 2024 CN na CPKC, shirika jingine kubwa la reli, ziliwafungia nje wafanyakazi wao. Serikali ya shirikisho ikaagiza usuluhishi wa lazima siku hiyohiyo, na ilikuwa kiangazi.

Kwa hiyo nyota mbili za njia ni halali. Ukiamua kuchukua huduma hii, chukua hivi. Chagua ya ratiba, si ya kupiga simu. Omba uwezo wa tangi wa siku 25 za baridi kali, kwa nyumba ya mfano wetu ni lita 750, yaani mitungi miwili ya ratili 420. Hujazwa hadi asilimia 80 tu ili kimiminika kipate nafasi ya kupanuka, kwa hiyo geji ikisoma 80 usidhani umepunjwa. Jaza Septemba, kabla vikaushio vya mahindi havijawashwa, maana Oktoba na Novemba unashindana na wakulima hata kusipokuwa na mgomo. Ikishuka hadi 30, piga simu hata kama una ratiba.

Usiitegemee peke yake. Hydro-Québec, shirika la umeme la jimbo, ina bei maalumu kwa nyumba zenye joto la aina mbili: umeme wakati wa kawaida, na mafuta au gesi joto likishuka chini ya nyuzi 12 au 15 chini ya sifuri, kulingana na eneo. Mpango huo unakata matumizi ya gesi sana, ila kumbuka unaiwasha gesi siku zilezile ambazo mtungi unahangaika kutoa mvuke, kwa hiyo usikubali kuwekewa mtungi mdogo kwa sababu eti utatumia kidogo.

Theluji ikianguka, chimba njia ya upana wa mita moja kutoka barabarani hadi kwenye tangi. Dereva wa boza anavuta mpira mzito, na akikuta ukuta wa theluji anaacha karatasi mlangoni na kuendelea.