Krimu ya sebuleni na bluu nzito ya chumbani, nimeishi nazo zote mbili

Sebule nilipiga rangi ya krimu, chumba cha kulala bluu ile nzito inayokaribia weusi, sa kila mgeni anauliza ipi bora na mi nimechoka kurudia, haya nasema hapa.

Krimu nilijua haina matatizo. Mchana iko poa sana, sebule ina dirisha moja tu lakini mwanga unasambaa mpaka kona ya mwisho. Usiku sasa! Balbu zangu zilikuwa zile za njano, 2700K (hiyo K ni kipimo cha rangi ya mwanga, ikiwa ndogo mwanga unakuwa wa njano zaidi), ukuta ukawa kama umepakwa siagi, nikadhani fundi kachanganya makopo, nusura nimpigie nimgombeze. Kumbe taa. Nilipoweka za 4000K krimu yangu ikarudi. Ni rangi aina ya silki, watoto wakichafua nafuta tu na kitambaa kibichi, ila inang'aa kidogo kwa hiyo kila bonde ambalo skimu, ile plasta laini ya juu, haikusawazisha unaliona ukiwasha taa ya ukutani.

Bluu ilinitesa kwenye kupiga. Juu ya ukuta mweupe koti mbili hazikufunika kabisa, rola inaacha mabaka, tukaenda ya tatu, na pembeni pembeni kwa brashi ya nne. Ningeanza na praima, ile rangi ya chini ya kutangulizia, ya kijivu ningeokoa hata koti moja, na hilo nimekuja kuambiwa kopo limeshaisha, asante sana. Afu ikiwa mbichi ilionekana nyepesi nikaingiwa na hofu, ilivyokauka ndo ikakoza. Hii ni mati, yaani isiyong'aa, mabonde ya ukuta yamejificha yote lakini begi likigusa tu linaacha mstari mweupe, na ukisugua sana unabaki na doa linalong'aa ambalo halitoki tena.

Watu walinitisha eti chumba kitakuwa kama pango. Wapi, kona zimepotea tu kwenye giza, usiku hata sijui ukuta unaishia wapi, na nalala vizuri mno. Kero ni asubuhi, kutofautisha soksi nyeusi na za bluu ni kazi.

Nikirudia chumbani napiga bluu ileile, sebuleni kwenye viti vya kusukumwa hapana. Ila krimu ningeipaka kwanza kwenye boksi kubwa nikalizungusha ukuta kwa ukuta, mchana na usiku, taa zikiwa zangu zilezile, ndo ninunue ndoo.