Silabi au neno zima? Darasa la kwanza, Lamu

Kiswahili kina irabu 5, na kila moja husomeka vile vile popote ilipo. Ndiyo maana, katika kufundisha kusoma, naegemea silabi. Mtoto akishika ba, be, bi, bo, bu, hachelewi kuunganisha "baba" na "bibi" mwenyewe. Tena wengi hapa Amu (ndiyo Lamu kwa lugha ya wenyeji) wanapita chuoni, yaani madrasa ya Kurani, ambako herufi ya b yenye alama ya irabu juu ni ba, yenye alama chini ni bi. Kuunganisha wamekwisha kuzoea. Ubaya wa silabi ni ule wimbo wa ba, be, bi. Darasa zima linaimba vizuri, lakini ukivuruga mpangilio ubaoni, wengine wanabaki kimya.

Neno zima huanza na picha: punda, jahazi, nazi. Watoto huchangamka, ila hubahatisha. Mmoja nilimwonyesha "macho" chini ya picha, akasoma "mato". Kiamu safi, lahaja ya hapa, sikumkosoa, lakini alisoma picha, si herufi. Halafu kuna anapenda, tulipenda, hawatapenda: atakariri mangapi? Kwa Kiingereza, chenye tahajia isiyotabirika, kukariri maneno machache hakuepukiki. Kwetu, picha nazitunza kwa hadithi ya saa nne, kabla ya uji.