Mkeka nimepata Bagamoyo, ila lile duka hapana

Naandika hasira hazijaisha, mnivumilie. Duka silitaji jina, liko Mji Mkongwe wa Bagamoyo, Barabara ya India, nililiingia siku chache kabla ya Ramadhani nikitafuta mkeka wa ukindu.

Vitu vyao vizuri, sikatai. Mkeka nilioupenda ulikuwa wa zambarau na kijani, taraza ya ukingoni imenyooka. Lakini mkeka haununuliwi kwa macho. Unaugeuza, unaangalia ukili, ile mikanda iliyosukwa, ulivyoungwa, unalowanisha kidole na kusugua uone kama rangi inatoka. Ndicho nilichokuwa nafanya kijana wa dukani aliponipokonya. "Dada, usishikeshike, hiyo ya wageni. Ya plastiki ipo sokoni."

Ya plastiki! Mimi, ambaye bibi yangu alisomesha watoto kwa kusuka ukili! Na pale pale mzungu anaukunjua mkeka mwingine kama shuka, anachekewa mpaka jino la mwisho. Nikajikaza nikauliza bei. Akanitajia kwa dola. Dola, Mswahili kwa Mswahili, Bagamoyo!

Nikatoka bila kuaga. Nikashuka soko la samaki, pale ufukweni karibu na forodha ya zamani ya Mjerumani, nikala pweza wa kukaanga. (Pweza wa pale mtamu, hilo halina ubishi.) Muuzaji aliponisikia nalalamika akanielekeza kwa mama mmoja msukaji, nyuma ya nyumba za karibu tu.

Nikamwamkia, akaitikia, akatandaza mikeka yote barazani. "Vua viatu, ulalie." Nikalala kweli! Huku anasuka akanieleza kwamba ukindu lazima uanikwe ukauke sawasawa ndipo uchemshwe na rangi, ukiuharakisha unapauka mapema. Mmoja ulikuwa na zambarau inayoishia katikati, kisha nyekundu. Rangi ilimwishia, akaendelea na aliyokuwa nayo. Dukani wasingeupokea ule. Mimi ndio niliouchukua, tukakubaliana kwa shilingi, tena akaniongezea kipepeo cha kuchochea mkaa. Tangu hapo wageni wangu wote lazima waonyeshwe pale rangi inapobadilika, watake wasitake.

Sasa, nilipoanza kumsimulia habari za yule kijana, na kumtukana kidogo, mama akanikata. "Usimseme hivyo, mwanangu. Masika watu hawaji huku. Yeye ndiye anayefika, anachukua, analipa papo hapo."

Nikakosa la kusema.

Kwa hiyo nyota. Nilidhamiria kutoa moja. Kwa ajili ya mama nikapandisha zikawa tatu. Halafu nikakumbuka zile dola, na ile "ya plastiki". Mbili, na hizo ni za wasukaji, si zake. Mgeni kutoka nje aende tu, atapokelewa vizuri. Sisi wengine tuulizie wasukaji wenyewe kwanza, bei inaelewana na unajua mkono uliosuka.

Tatizo ni makawa. Mama yule hayashoni, na pale dukani niliona moja la kufunikia futari, limeshonwa kwa ufundi ambao sijauona siku nyingi. Siendi. Labda nimtume shemeji yangu, yeye akivaa miwani ana sura ya dola.