Huduma ya kiroho katika hospitali moja ya Bukavu: niliyoyaona kando ya kitanda cha shangazi

Kwa siku 12 nililala sakafuni katika wodi ya wanawake ya hospitali moja ya komini ya Ibanda, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, nikimlinda shangazi yangu ambaye saratani ya shingo ya kizazi ilikuwa imemmaliza nguvu. Ningependa kuitathmini huduma ambayo haikuonekana hata mara moja kwenye karatasi ya malipo, nayo ndiyo iliyotufaa zaidi: huduma ya kiroho.

Mhudumu wa pale ni mama wa makamo. Siku ya kwanza alivuta kiti, akaketi hata uso wake ukawa sawa na wa mgonjwa, akauliza, “Mama, unaniruhusu nikae nawe kidogo?” Hakufungua Biblia. Aliuliza shangazi anategemea nini wakati wa shida, imani yake inamsaidiaje katika ugonjwa huu, ni watu gani husali naye, na angependa madaktari wamheshimie jambo gani. Maswali hayo yanakaribiana sana na yale ambayo daktari wa Marekani, Christina Puchalski, aliwatungia wauguzi na madaktari, lakini mama huyu aliyauliza kama jirani aliyepita kujulia hali.

Shangazi alijibu kwa Kimashi, na mhudumu naye akahamia Kimashi, akamtaja Mungu kwa jina la Nyamuzinda, kama nyanya alivyomtaja. Siku ya tatu ndipo lilipotoka lililokuwa ndani: shangazi aliamini kuwa ugonjwa ni adhabu kwa sababu aligombana na kaka yake juu ya shamba la Kabare, na hawakusemezana kwa miaka. Mhudumu hakumkemea wala hakuharakisha kumfariji. Aliuliza tu kama angetaka kaka huyo aitwe. Baba mkubwa alifika kesho yake na chungu cha uji, akakaa mpaka jioni. Usiku ule shangazi alilala, na dawa ya maumivu ilikuwa ile ile, kwa kipimo kile kile.

Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi na mhudumu wa jamii kabla ya kuwa daktari, na aliyefungua nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona ya St Christopher's huko London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho kwa pamoja. Sisi wa Bukavu fundisho hilo si geni kwetu, maana Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imewatibu wanawake waliobakwa kwa kuunganisha upasuaji, ushauri wa kisaikolojia na msaada wa kisheria.

Hata hivyo kuna kasoro ambayo sitaificha. Jioni wahubiri wa nje huruhusiwa kuingia wodini, na mmoja wao alipaza sauti kwamba asiyepona hana imani. Kitanda cha pili alikuwapo mama Mwislamu aliyetoka kupasuliwa, asiyeweza kuinuka wala kuondoka, aligeukia ukutani. Kumhubiria mtu aliyefungwa dripu mkononi bila idhini yake ni kumwongezea mzigo, na uongozi unapaswa kukomesha jambo hilo. Kwa mama huyo hapakuwa na shehe aliyepangwa. Mwanawe ndiye aliyemsomea Yasini kwa sauti ya chini, na mhudumu wetu alisimama mlangoni kuwazuia watu wasipite hadi alipomaliza. Kitendo hicho kilinigusa kuliko sala zote nilizozisikia mle.

Tena huduma huishia saa kumi na mbili jioni, ilhali hofu ya mgonjwa huanza taa zinapozimwa. Muuguzi wa zamu, peke yake na wodi nzima, alijitahidi kumshika mkono kila aliyelia, lakini hakuweza kukaa.

Mwenye mgonjwa pale asingoje kupitiwa: amwambie muuguzi mkuu asubuhi, kabla daktari hajapita, na aseme lugha na dini ya mgonjwa wake. Hakuna malipo. Shangazi sasa yuko Kabare. Jumapili mhudumu alimpigia simu, wakazungumza Kimashi mpaka salio likakatika.